Usiku wa Ijumaa ni Upi?

Mimi ni mwepesi wa hasira, na ni afadhali nikiri hilo mwenyewe kabla hamjaambiwa na wanafunzi wangu. Wanadai kwamba nikikasirika masikio hunisimama, na kwamba darasa zima huyatazama kwanza kabla ya kuamua kama litacheka au litanyamaza. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo kati ya Msambweni na Ramisi, pale barabara inapoacha minazi na kuingia kwenye miwa. Nimefundisha hapo miaka tisa. Ninawapenda watoto wale kuliko nilivyotarajia, na ninachotaka kusimulia hapa ni kosa nililomfanyia mmoja wao kwa sababu sikujua usiku ni lini.

Nimezaliwa Kwale, lakini si Kwale ya bahari. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapata shamba kwenye ardhi ya makazi huko Shimba Hills, nami nikakulia kwenye mahindi, michungwa na ndovu wanaoingia shambani bila hodi. Bahari tuliiona kwa mbali tukiwa kilimani, ufito mwembamba wa samawati, na baba alituambia kwamba ile ni kazi ya watu wengine. Kiswahili chetu kilikuwa cha haraka haraka, cha kufikisha ujumbe tu. Niliposhuka kuja kufundisha ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuulizwa habari za nyumbani, za wazee, za usingizi na za mvua kabla hajaulizwa alichokuja kutaka. Mwanzoni jambo hilo lilinichosha sana. Siku hizi nikienda nyumbani, mama hulalamika kwamba salamu zangu pale mlangoni haziishi.

Basi, katika darasa langu la Gredi ya Sita kulikuwa na msichana mmoja wa maswali. Baba yake alikuwa mkata miwa. Alikuwa na namna yake ya kuinua mkono: aliunyoosha wa kulia, kisha kiwiko akakiegemeza kwenye kiganja cha kushoto, kwa kuwa alishajua kwamba mwalimu hatamchagua upesi. Angeweza kukaa hivyo robo nzima ya kipindi. Wala hakuuliza ili aonekane. Aliuliza mbona maji ya kisima cha kwao yana chumvi na ya jirani hayana, mbona kaa hutembea ubavu, na ni nani aliyeamua kwamba wiki iwe na siku saba, asitosheke na tano. Mengine nilimjibu. Mengine nilimwambia tutayafikia huko mbele, na huko mbele kwenyewe hatukufika.

Siku moja tulikuwa tukisoma habari za mwezi. Kitabuni mlikuwa na picha, nami nikawaeleza kwamba mwezi una mashimo makubwa yaliyochimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani zamani sana. Watoto wakaanza kubishana. Mmoja alisema bibi yake alimwonyesha sungura mle mwezini. Mwingine akasema si sungura, ni mwanamke anayetwanga, na kila mmoja alikuwa tayari kula kiapo. Katikati ya zogo hilo mkono ukainuka, kiwiko kikaegemezwa.

"Mwalimu, kama mwezi una mashimo, mbona mwangaza hauvuji?"

Nilicheka. Na hakikuwa kicheko cha kutabasamu tu. Nilicheka hadi nikashika meza, na mwalimu akicheka hivyo darasa limekwisha kupewa ruhusa. Walicheka wote. Kuna aliyenyanyua chupa yake ya maji akajifanya anakinga matone ya mwangaza kutoka darini, na mimi, Mungu anisamehe, nikamcheka huyo pia. Msichana akaushusha mkono polepole. Alikunja kidole kimoja kimoja, akauweka chini ya dawati.

Mkono ule haukuinuka tena siku hiyo. Haukuinuka wiki hiyo, wala wiki iliyofuata.

Nilielewa nilichofanya siku ya tatu au ya nne, jioni, nikiwa naosha vyombo. Nilikuwa nimewaambia habari za mashimo, lakini sikuwa nimewaambia kwamba mwezi hauna mwangaza wake wenyewe, kwamba unaangazwa na jua kama ukuta mweupe unavyoangazwa mchana. Mtoto aliyedhani kwamba mwangaza umo ndani, kama mafuta ndani ya taa, alikuwa na haki kabisa ya kuuliza mbona hauvuji. Alikuwa amelichukua neno langu akalifikiri hadi mwisho. Darasani mle yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifikiri siku ile, na mwalimu wake alikuwa ameshika meza akicheka.

Kesho yake nikalieleza darasa vizuri habari za jua na mwezi. Nikasema pia, kwa sauti ya kusikika, kwamba swali lile lilikuwa zuri. Wengine waliandika. Yeye alitazama dawati. Nilijua pia kwamba muda wenyewe haukuwa mwingi, maana baba yake alikuwa ameamua kuacha miwa na kurudi kwao Majoreni kuvua samaki, na mama alishakuja kuchukua barua ya uhamisho. Siku watakayohama sikuiuliza. Nilichojua ni kwamba sikutaka aende shule nyingine na mkono wake uko chini ya dawati.

Nikakumbuka darubini. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye sekondari ni mtunza stoo katika hoteli huko Diani, na hoteli ile ina darubini ambayo wageni hutazamia anga jioni za Jumamosi. Nikampigia. Alimwomba meneja wake, meneja akakubali, kwa sharti kwamba Jumamosi asubuhi iwe imerudi. Nilipokwenda kuichukua, mwenzangu hakuiachia mara moja. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Madam, hii kitu si ya kucheza nayo," akaniambia. "Ikipata hata kamkwaruzo, mimi ndio nitarudi ocha kulima."

Nikaapa. Nikaifunga kwa leso mbili nikaja nayo Msambweni, ikalala chini ya kitanda changu.

Msichana nilimwambia kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwita kando wakati wa mapumziko, nikamwambia nimepata chombo cha kutazamia mwezi. "Utayaona mashimo kwa macho yako mwenyewe, halafu utaniambia kama yanavuja."

"Kweli, mwalimu?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoniambia baada ya wiki mbili.

"Kweli. Usiku wa Ijumaa."

Uso wake ulifunguka, nami nikarudi darasani nikitembea kama mtu aliyelipiwa karo. Nikaandika ubaoni, na baadaye kwenye barua za wazazi: Usiku wa Ijumaa, baada ya magharibi, uwanjani, tutatazama mwezi, nyote mnakaribishwa. Niliona fahari juu ya yale maneno "baada ya magharibi." Ningeweza kuandika saa moja kama watu wa kwetu, lakini nilitaka waone kwamba miaka tisa haikupita bure, kwamba sasa nimekuwa mtu wa Pwani.

Alhamisi jioni nilikwenda Ukunda kwenye mazoezi ya kwaya. Tulikuwa na wimbo mpya, sauti ya pili ilikuwa inatushinda, na simu yangu ilikuwa mkobani imezimwa mlio. Tulipotoka, nikakuta mwalimu mkuu amenipigia mara kumi na moja. Wazo langu la kwanza lilikuwa darubini, kwamba chumba kimevunjwa. Nikampigia nikiwa bado nimesimama langoni mwa kanisa na kitabu cha nyimbo kwapani.

Mwalimu mkuu wetu ni Mdigo wa Msambweni, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata siku ya michezo. "Mwalimu, u salama?" akaniuliza.

"Ni salama. Kuna nini?"

"Alhamdulillahi. Tulidhani umepatwa na jambo. Watu walijaa hapa uwanjani, wazee kwa watoto, na mikeka yao. Tumekungoja mpaka isha, kisha nikawaruhusu waende."

Nilihisi masikio yangu yakiamka. "Lakini nilisema Ijumaa! Niliandika kwa mkono wangu, usiku wa Ijumaa. Kwani watu hawasomi?"

"Wamesoma, mwalimu. Na usiku wa Ijumaa ndio huu."

"Leo ni Alhamisi!"

"Alhamisi ilikuwa mchana. Jua limetua, imekwisha."

Miaka tisa nimekaa na watu hawa. Nimewasikia mara ngapi wakisema usiku wa Ijumaa wana kisomo, na kila mara nilidhani wanasema usiku ninaoujua mimi, ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kumbe kwao usiku hutangulia na mchana hufuata. Siku mpya huingia jua likizama. Nilikuwa nimekopa magharibi yao nikaibandika kwenye Ijumaa yangu, na nikajiona hodari.

Bado sikukubali kushindwa. Nikamwambia kwamba kwa watu wengine wote duniani usiku huja mwisho wa siku.

"Mkesha wa Krismasi, mwalimu, nyinyi mnaukesha lini?"

"Tarehe ishirini na nne."

"Na Krismasi yenyewe?"

"Ishirini na tano."

"Basi hata nyinyi usiku wenu hutangulia," akasema kwa upole wake ule. "Ila mmesahau." Kisha akaniambia nisisumbuke moyo, amekwisha waomba watu warudi kesho magharibi. "Nimewaambia usiku wa Jumamosi, wasije wakapotea tena."

Hapo ningeweza kucheka. Lakini nilikuwa nimekumbuka kitu kingine. Nikamuuliza kama yule msichana wa maswali alikuja.

"Alikuja wa kwanza," akasema. "Yeye na babake. Ndio waliotandika mkeka wa mbele."

Ijumaa asubuhi niliingia shuleni nimeipakata darubini, tayari nimeshajitungia maneno ya kumchekesha. Dawati lake lilikuwa tupu. Nikamuuliza jirani yake, msichana aliyekuwa akikaa naye tangu Gredi ya Nne. Akaniambia wamehama. Pikapu ya kubeba vyombo ilikuwa ije Jumatano, lakini mwenzake alilia hadi baba akaisogeza mbele, ili auone mwezi kwanza. Walikaa siku mbili na vyombo vilivyokwisha fungwa, wakipikia sufuria moja. Walipotoka uwanjani usiku ule hawakuwa na sababu nyingine ya kubaki, na baada ya alfajiri walipakia wakaondoka.

"Alisema nikwambie, mwalimu, kwamba alikuja."

Nikatoka nje nikajifanya natafuta chaki. Sijui kama mmewahi kutumiwa ujumbe wa namna hiyo na mtoto. Hakusema nimemdanganya, hakuuliza nilikuwa wapi. Alitaka tu nijue kwamba alikuja. Niliona haya, na nilijichukia, na hasira zangu zote zilizozoea kuwatafuta wengine zikakosa pa kwenda zikanirudia mwenyewe.

Niliporudi darasani sikufundisha nilichopanga. Nikawaeleza kosa langu lote, na wakacheka sana, na nikawaacha wacheke. Kisha mmoja akauliza ni nani kati yetu mwenye haki, mwalimu au watu wa uwanjani. Nikachukua chungwa na mshumaa, tukafunga madirisha, nikalizungusha chungwa mbele ya mwanga. Nikawaambia watazame: dunia inazunguka bila kusimama, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba siku inaanzia hapa. Mlango wa siku umewekwa na watu, na kila watu waliuweka pale palipowafaa. Simu hubadilisha tarehe saa sita ya usiku, wakati watu wamelala, kwa kuwa ofisi zinataka mchana mzima uwe chini ya tarehe moja. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na hilo linawezekana kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, jua letu halichelewi sana wala haliwahi sana mwaka mzima. Katika nchi za mbali, ambako jua la kipupwe huchomoza karibu na adhuhuri, saa kama yetu ingewatia watu wazimu. Na wanaohesabu miezi kwa mwezi mwandamo hufungua siku jua likitua, kwa sababu ule mwezi mchanga huonekana wakati huo, upande wa magharibi, kwa muda mfupi tu kisha unazama. Mtu akiuona jioni, mwezi mpya umeingia, basi na siku nayo ianze hapo hapo.

"Kwa hivyo hakuna aliyekosea," akasema yule aliyeuliza.

"Aliyekosea ni mimi," nikasema, "kwa kutouliza." Walipoondoka kwenda kula nilibaki na lile chungwa mkononi, sikuweza hata kulila.

Mchana ule ulikwenda taratibu. Walioswali Ijumaa walirudi, tukaendelea na masomo, na saa tisa kasorobo nikawatoa watoto nje kukusanya majani ya aina mbalimbali. Yule jirani wa dawati alikuwa amesimama chini ya mkorosho wa shule na mkono umeweka kivuli machoni.

"Mwalimu, si ule pale mwezi?"

Nikatazama. Juu ya minazi ya upande wa bahari, katika anga ya buluu kabisa, ulikuwepo mwezi wa nusu, mweupe, mwepesi, upande wenye mwanga umeelekea juu. Niwaambie ukweli: kwamba mwezi huonekana mchana ninalifundisha kila mwaka. Unapokuwa wa nusu, ule unaokua, hutoka karibu na adhuhuri na kushinda angani alasiri nzima. Nimeliandika ubaoni mara tisa, nikaliuliza katika mtihani, na haikunipitikia hata mara moja kwamba ninaweza kulitumia. Mimi nilikuwa nimekaa nikiulilia usiku uliopita, na mwezi wenyewe uko juu ya kichwa changu mchana kweupe.

Nikakimbilia ofisini kuomba ruhusa ya kuipeleka darubini Majoreni. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akatazama saa ya ukutani, akaniuliza swali moja tu: "Utakuwa umerudi kabla ya magharibi? Siwezi kuwatandikisha watu mikeka mara ya pili." Nikamwambia nitarudi. Akanitafutia mtu wa bodaboda, mzazi wa shule yetu, ambaye yeye pia alikuwa uwanjani usiku ule. Alinipa kofia, akanitazama nikipanda na leso zangu mbili kifuani.

"Safari hii, mwalimu, tuna hakika ni leo?"

Nilistahili. Na wale wengine, niseme kabisa msije mkawaonea huruma, waliuona mwezi wao jioni ile kama walivyoahidiwa, na walikuwa wengi, na walinitania hadi nikakosa pa kujificha. Nisimulie ya kabla ya hapo.

Kutoka Ramisi hadi Majoreni ni mwendo, hasa kwa mtu aliyepakata kitu cha watu. Tulipita miwa, kisha mihogo, kisha barabara ya vumbi ambapo kila shimo nililitamkia jina la mwenzangu wa Diani moyoni. Njiani nilijitungia hotuba. Nilikuwa na maelezo marefu ya kalenda, ya magharibi na mapambazuko, ya namna mtu wa bara anavyoweza kukosea bila nia mbaya. Kila nilipoinua macho mwezi ulikuwa umepanda kidogo.

Nyumba haikuwa ngumu kuijua. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani nje, sufuria zimo ndani ya beseni, godoro limewekwa juani. Baba alikuwa akipigilia misumari kwenye mlango, na msichana amechuchumaa anasugua sufuria kwa mchanga. Mama alikuwa ameenda kisimani.

"Hodi!"

"Karibu," baba akasema, kisha akanitambua. Akaishusha nyundo. "Karibu, mwalimu. Leo ndiyo Ijumaa yenyewe?" Alikuwa anatania, lakini si sana.

Msichana alisimama akafuta mikono kwenye gauni. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakutabasamu. Alikuwa akizitazama leso zangu.

Ile hotuba yote ikanitoka kichwani. Labda ni afadhali, maana mtoto hakuwa amekosa kalenda. Nikachuchumaa ili macho yetu yalingane, na mwalimu wa sketi ya kubana asiyezoea kuchuchumaa huwa hapendezi kutazama.

"Nimekuja kukuomba radhi mara mbili," nikamwambia. "Ya kwanza ni ya jana. Ulikuja, mimi sikuja. Ya pili ni ya siku ile nilipokucheka. Swali lako lilikuwa na akili kuliko jibu langu, nami nikakucheka mbele ya wenzako. Niwie radhi."

Baba aliacha kushika mlango. Huku kwetu mwalimu haombi radhi kwa mtoto, na hata mimi sikumbuki kama niliwahi kumsikia mmoja akifanya hivyo. Msichana alitazama chini, akatazama juu.

"Lakini sasa ni mchana, mwalimu."

"Tazama kule. Juu ya minazi."

Alitazama muda mrefu kabla hajauona, kwa sababu mtu asiyetarajia kitu macho hukipita. Kisha mdomo ukamfunguka.

Tukaiweka darubini katikati ya uwanja wa nyumba. Ardhi ilikuwa ya mteremko, mmoja wa miguu yake mitatu ukawa unaning'inia, baba akaleta kifuu cha nazi akakiweka chini yake. Nikawaonyesha jua lilipo, nyuma yetu, upande wa magharibi, nikawaambia kwamba huko darubini haigeuzwi hata kwa mzaha, maana jicho litaungua na halitapona. Kisha nikaanza kuutafuta mwezi. Ulinikwepa. Kila nilipoukaribia uliteleza ukaniachia buluu tupu. Hatimaye ukaingia, nikaachia, nikasogea bila kugusa kitu.

Akaweka jicho. Akafumba la pili, akakaa hivyo. Nilianza kuogopa kwamba haoni kitu, kwamba mwezi wa mchana umekuwa hafifu mno.

"Umekatika," akasema pole pole. "Hapa ulipokatikia kuna mashimo. Mengi. Makubwa yana madogo ndani yake." Akaisogelea zaidi. "Yana vivuli."

Baba alitaka kuuliza, nikamwashiria kwa kidole anyamaze.

"Hayavuji," akasema.

"Mbona hayavuji?" nikamuuliza.

Hakulitoa jicho pale. Alinyoosha kidole gumba nyuma yake, juu ya bega, kuelekea kwenye jua. "Kwa sababu mwangaza hautoki ndani. Unatoka kule. Ndiyo maana vivuli vyote vimelala upande mmoja."

Hilo la vivuli hakuwa amefundishwa na mimi wala na kitabu. Niligeuka nikajifanya naangalia kifuu, kwa kuwa machozi yangu, tofauti na hasira zangu, huwa sipendi yaonekane. Baba naye akatazama, akasema "Subhanallah," akatazama tena, akakataa kuondoka hadi binti yake alipomvuta shati.

Bodaboda akapiga honi. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na huko shuleni mikeka ilikuwa karibu kutoka majumbani. Nikaifunga darubini kwa leso zake, nikaagana nao, nikavaa kofia. Nilipogeuka kuwapungia mkono, msichana alikuwa amesimama pale pale kando ya beseni la sufuria. Hakukuwa na dawati wala ubao. Alikuwa ameinua mkono wa kulia, na kiwiko kimeegemezwa kwenye kiganja cha kushoto.

"Uliza," nikamwambia.

"Mwalimu, huko mwezini, usiku wa Ijumaa ni upi?"

Sikucheka, ingawa safari hii nilitamani, kwa furaha tupu. Nikamwambia kwamba mwezi hujizungusha polepole mno, kwamba mtu akisimama pale kwenye mashimo yake usiku mmoja humchukua karibu wiki mbili za kwetu. Usiku mmoja wa huko unaweza kumeza Ijumaa mbili.

Baba alifikiri. "Basi ungetualika huko, mwalimu," akasema, "ungechelewa siku nzima na bado ungetukuta tumekaa mkekani."

Tukacheka sote watatu, na msichana alicheka kutushinda. Honi ikalia tena. Lakini nilikuwa nautazama ule mkono. Alikuwa amecheka hadi akainama, na mkono ulikuwa bado uko juu.

Nikatazama magharibi. Jua lilikuwa bado juu ya miti, na kwa hesabu ya kila mtu wa pale, Ijumaa ilikuwa haijakwisha. Nikaivua kofia.

"Haya," nikamwambia. "Lingine."